Uchafushaji wa Maua

Juzi nilinunua fungu la majani ya maboga sokoni. Nilipolifungua jikoni nikakuta muuzaji ameacha maua machache katikati, yamesinyaa na kukunjamana kama leso ya mtu aliyetoka msibani. Nikayaminya. Harufu ya ua la boga si ya kusifiwa. Washairi wanaliruka wanakimbilia waridi na asumini. Ni harufu ya ubichi na vumbi, na kwa mbali utamu kidogo, kama ndani ya mzinga ulioachwa na nyuki wake. Vidole vyangu vikabaki na unga wa njano. Nikasimama pale, mtu mzima mwenye shahada ya uchumi na miwani ya kusomea, nikageuka kutazama mlangoni kama kuna mtu ananiona.

Hakukuwa na mtu. Lakini unga ule kidoleni, kwetu, ulikuwa ushahidi.

Nililelewa kwa muda na bibi yangu mzaa baba, milimani juu ya Mbinga, kwa kuwa wazazi wangu walikuwa walimu na walimu wa wakati ule walihamishwa kila walipokaribia kuzoea. Bibi alikuwa mjane, mwenye kahawa yake, mahindi yake, na kipande cha maboga nyuma ya nyumba alichokipenda kuliko vyote viwili. Alikuwa mtu wa kushuku. Alishuku redio. Alishuku mvua iliyoanza asubuhi, kwa sababu mvua ya heshima huanza mchana. Mtu akimwamkia shikamoo kwa furaha iliyozidi kidogo, aliitikia marahaba nusu, nusu nyingine akaiweka mpaka ajue huyo mtu ametumwa na nani.

Kazi yangu kwake ilikuwa kuchuma maua ya maboga kabla ya kwenda shule. Wenzangu wa mijini labda hamkuwahi kula maua, basi nieleze. Boga hutoa maua ya namna mbili kwenye mmea uleule. Moja lina kitumbo chini yake, kiboga kichanga cha ukubwa wa kidole gumba ambacho kimeshaumbika kabla hata ua halijafunguka. Hilo ni jike. Jingine limesimama juu ya kikonyo kirefu chembamba, halina tumbo, na ndani yake kuna kijiti kimoja chenye unga wa njano. Hilo ni dume. Yote mawili hufunguka alfajiri, na jua likipanda kidogo yanajifunga, na hayafunguki tena. Bibi alinifundisha siku ya kwanza, akiwa ameinama kwenye umande, kanga imefungwa kiunoni.

"Lenye tumbo usiliguse. Hilo ndilo boga. Lisilo na tumbo, chuma."

"Yote, Bibi?"

"Yote. Hilo halizai. Linakunywa maji tu na kujipamba."

Alisema hivyo kwa namna iliyonifanya nihisi kwamba hatuzungumzii maua peke yake. Babu sikumkuta.

Nikawa mchumaji hodari. Kabla yangu, Bibi na magoti yake alichuma yale ya pembeni tu. Mimi niliingia mpaka katikati, nikainua kila jani, sikuacha dume hata moja limesimama. Jioni tuliyala na karanga za kutwanga, laini, yakiteleza kooni, na Bibi akanisifu mbele ya majirani kwamba mjukuu wake ana jicho.

Sasa, kulikuwa na sheria moja kubwa katika shamba lile. Kiboga kichanga hakinyoshewi kidole. Ukikinyoshea kidole, kinaoza. Ukitaka kumwonyesha mwenzako, unakunja ngumi, au unaelekeza kwa kidevu, au unachongoa midomo. Nadhani mpaka leo wapo wachumi wenye kuheshimika katika nchi hii ambao, mbele ya boga, watakunja ngumi. Mimi nakunja.

Msimu uleule niliofika mimi, alifika pia mama mdogo. Baba mdogo, mdogo wake baba, alikuwa fundi seremala; kazi zake zilikuwa Litumbandyosi na nyumbani alirudi Jumamosi. Alikwenda Mbamba Bay kutengeneza milango ya duka la mtu, akarudi na mke. Bibi hakuulizwa, aliarifiwa tu, na kwake hilo lilitosha kuanzia.

Huyu mke alikuwa Mnyasa, Mwanglikana, amesoma mpaka kidato cha nne, na alicheka kwa sauti. Alikuja na kikapu cha usipa wakavu, dagaa wa ziwani kwao, waliotutia njaa na mashaka kwa pamoja. Hakujua Kimatengo na sisi hatukujua Kinyasa, kwa hiyo Kiswahili, ambacho kwetu kilikuwa lugha ya ofisi na mahubiri, kikahamia jikoni. Bibi alimsemesha mkwe wake kama anayemsemesha karani wa mahakama. "Je, umekwisha kuteka maji?" Na jioni tuliposali, mama mdogo alipiga ishara ya msalaba sawasawa na sisi Wakatoliki. Bibi akanibinya. Angekosea, ingeeleweka. Lakini kwa nini alijua?

Yeye naye alitushuku. Alifunga mlango wa chumba chake kwa komeo na kuegesha kiti. Akipakua chakula, alisubiri mpaka mmoja wetu ameze.

Asubuhi yake ya kwanza alitoka uani, akanyosha mkono mzima, kidole mbele, akasema, "Mama, angalia! Boga lile dogo linavyopendeza!"

Bibi alishusha ndoo polepole, akaangalia kidole, akafuata mstari wake mpaka kwenye kile kiboga, kama anayepima ardhi. Siku zilizofuata kiboga kile kikageuka njano, kikalainika nchani, kikadondoka. Kisha kikafuata cha jirani yake. Kisha vingine, huku na huku, hata vile ambavyo kidole kile hakikuvielekea. Kila asubuhi nilikuta vitumbo vilivyooza chini ya majani, vinanuka uchachu, vimejaa inzi wadogo. Maboga hayakukua hata moja.

"Nyumba haina mtoto na shamba halina boga," Bibi alisema kwa Kimatengo, mama mdogo akiwa palepale anachambua mchicha. Mkwe wake akaniangalia mimi nimtafsirie. Nikasema Bibi anauliza kama mchicha una mchanga.

Shuleni tulikuwa na mwalimu wa sayansi aliyetoka mkoa wa mbali, mtu mpole sana, ambaye herufi v ilimshinda. Vitabu kwake vilikuwa fitabu, na vumbi lilikuwa fumbi. Tulimpenda na tulimwiga. Siku moja aliingia darasani, akachora ua kubwa ubaoni, akaligeukia darasa na kutangaza somo:

"Leo tunajifunza uchafushaji wa maua."

Wazazi wenzangu mnaokagua kazi za watoto jioni mnajua alikusudia nini. Chavua ni ule unga wa njano. Kuchavusha ni kuupeleka unga huo mpaka ndani ya ua la kike, na bila hivyo kiboga hakiwi boga. Mimi nilisikia kuchafua. Na pale pale, kabla hajafikia nusu ya sentensi ya pili, mvua ikapiga bati. Mnaokumbuka madarasa yale mnajua: mvua ikipiga bati, elimu inasimama. Mwalimu aliendelea kusogeza midomo. Nilidaka neno "nyuki" na neno "miguu", kisha nikadaka "kiume", na darasa likacheka. Akaandika ubaoni nadhani kila kitu kwa usahihi, lakini nilikaa nyuma na mbele yangu alikaa msichana mrefu. Kesho yake mwalimu akaitwa kwenye semina, na somo halikurudi.

Kwa hiyo nilitoka na elimu hii: kuna kitendo kinaitwa uchafushaji wa maua, kinafanywa kwa miguu, kinahusu wanaume, na serikali imekiona ni kikubwa kiasi cha kukiwekea somo.

Bibi alikuwa amekwisha kuniambia, "Huyu mwangalie. Mimi macho yangu yanachoka." Nilifurahi. Asubuhi moja nikaamka mapema kuliko kawaida, ukungu bado umelalia migomba, nikamwona mama mdogo katikati ya maboga. Alikuwa amepiga magoti. Alichuma dume moja, akalivua petali zake zote kama anayemenya ndizi, kikabaki kile kijiti chenye unga. Akalifungua jike kwa vidole viwili. Akaingiza kijiti, akasugua taratibu, akizungusha. Kisha akalifunga lile jike kwa uzi, akaangalia nyumba, akaficha mabaki kwenye pindo la kanga.

Sijawahi kuona kitu kilichokuwa na hatia zaidi ya mgongo ule ukirudi nyumbani kwa kunyata. Alipita karibu nami na vidole vyake vilikuwa vya njano.

Nilimkuta Bibi kwenye kinu. "Bibi, nimemwona. Anachafusha maua."

"Anafanya nini?"

"Anayachafusha. Mwalimu ametufundisha. Ipo kwenye sayansi."

Bibi aliuacha mchi ndani ya kinu. Kama ningesema mama mdogo ni mchawi, angeniambia ninyamaze, maana hilo alikuwa na haki ya kulisema yeye tu. Lakini sayansi! Alikuwa anaishuku sayansi siku zote, na sasa ilikuwa imemletea shahidi.

Jumamosi baba mdogo alirudi, akiwa bado na vumbi la mbao kwenye nyusi, akakalishwa kabla ya kunawa. Tulikuwa wanne jikoni: Bibi kwenye kigoda chake, baba mdogo kwenye benchi alilolitengeneza mwenyewe, mama mdogo mkekani, na mimi mlangoni kama mtu wa serikali. Bibi alizungumza Kiswahili, ili mashtaka yaeleweke.

"Mwanangu, mke wako anaingia shambani kwangu kabla ya jua. Anayachafusha maua. Maboga yameoza. Kesho alfajiri, gari la Mbamba Bay likipita, nataka limkute barabarani na mzigo wake. Arudi kwao akachafushe ziwa."

Baba mdogo aliangalia paa. "Mama, jamani. Kuchafusha ndiyo nini?"

"Muulize mtoto. Amesoma."

Wakanigeukia. Nikasema, kwa sauti niliyoiazima kwa mwalimu, "Uchafushaji wa maua."

Mama mdogo aliyekuwa ameanza kulia akaacha. Aliniangalia kwa muda. Kisha akaanza kucheka, kicheko kilekile cha ziwani, na Bibi akajivuta nyuma kidogo na kigoda chake.

"Kuchavusha!" alisema. "Vaa, vee, vii! Kuchavusha, mtoto wee! Umetaka kunirudisha kwetu kwa herufi?"

"Usimcheke mtoto," Bibi alisema. "Ulikuwa unafanya nini na maua yangu?"

"Nilikuwa naokoa, Mama. Maboga yako hayaozi kwa kidole. Yanaoza kwa kukosa ule unga wa dume. Nyuki ndiye huubeba kwa miguu, ametoka kwa dume anaingia kwa jike. Sasa mvua hii nyuki hatoki, na madume yenyewe mnayatia chunguni kila siku. Nyuki hata akija, achukue wapi? Juzi tu nimeanza kuamka kabla ya huyu na kikapu chake nipate moja tu, nisugulie mwenyewe, kisha nilifunge jike mvua isiuoshe unga."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Hapa nikikohoa mnaitana."

Baba mdogo alipata kitu cha kukagua kwenye mguu wa benchi. Bibi aliwaza, na nilijua anatafuta tundu, kwa sababu aliminya midomo upande.

"Dume la ua," alisema hatimaye. "Halina tumbo. Halizai. Lina kazi gani?"

"Kazi ileile, Mama."

"Ipi?"

Mama mdogo aliangalia mumewe, mumewe akaangalia mlango, mlangoni nilikuwa mimi. "Ileile," alisema tena, taratibu.

Bibi alifikiwa na maana. Niliiona ikimfikia. Alivuta kanga juu ya mabega kana kwamba kumeingia baridi, akaniamuru nikaangalie kama kuku wameingia. Nikatoka, nikasimama nyuma ya ukuta wa jikoni, mahali ambapo kila neno lilisikika.

"Na kahawa yangu?" alikuwa anauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepata tundu lake. "Kahawa inatoa maua meupe mlima mzima, sijaona mtu amepiga magoti. Mbona inazaa?"

"Kahawa yetu hii haihitaji mtu, Mama. Ua lake moja lina yote mawili, la kiume na la kike, humo humo ndani. Linajichavusha lenyewe. Upepo ukitikisa tu, imetosha."

"Yote mawili?"

"Yote mawili."

"Basi ni kama mimi," Bibi alisema. "Tangu mzee alipokufa, nani mwingine amekuwa baba hapa?"

Hakuna aliyecheka. Lakini nilisikia benchi likilia, nadhani baba mdogo alikaa vizuri.

Hata hivyo msidhani Bibi alisadiki. Mtu kama yule haamini kwa sababu umeeleza vizuri. Maelezo mazuri ndiyo yanayomtia wasiwasi. Aliahirisha safari, hakuifuta. Mama mdogo apewe mmea mmoja, ule uliopanda kwenye kichuguu. Asiye yeye asiguse ua lake, dume wala jike. Viboga vya mmea ule vikioza, gari litakuta mzigo barabarani na hakutakuwa na kikao cha pili. Na mzigo wenyewe ukae umefungwa, karibu na mlango, ili usichukue muda.

Ukakaa pale. Tuliuruka tukiingia na kutoka.

Kipindi kile nilijifunza kwamba kushuku ni kazi ya kuajiriwa. Nililinda kichuguu kabla ya shule na baada ya shule. Nilimshuku mama mdogo, kwa sababu nilikuwa nimeumbuka. Nilimshuku Bibi, kwa sababu nilimkuta mara moja amesimama juu ya mmea ule, mikono nyuma, na sikujua mikono ile ilikuwa imekunja ngumi au la. Nilimshuku hata nyuki mmoja aliyepenya katikati ya manyunyu, akaingia kwenye ua dume, akatoka amepakwa njano mpaka mgongoni kama aliyelala kwenye unga wa mahindi, akaingia kwenye ua jike bila kubisha hodi. Hakuwa na haya. Nikamfuata mpaka akanipotea.

Na mama mdogo hakulala. Nilimsikia akiamka kusikiliza mvua. Asubuhi alipiga magoti kwenye matope, midomo ikitembea, na mpaka leo sijui kama alikuwa anaomba kwa Kianglikana au anawasihi wale wachanga kwa Kinyasa. Kwao pale Mbamba Bay alikuwa na baba aliyekwisha kusema kwamba watu wa mlimani hawaoleki. Kurudi kwake kungemfurahisha mzee yule, na hilo ndilo alilosema linamuuma kuliko yote.

Kiboga cha kwanza alichokifunga uzi, ua lake lilinyauka nchani. Nikakimbia kutoa taarifa: limenyauka! Bibi akaja, akainama. Ua lilikuwa limekufa, kweli. Lakini kitumbo chini yake kilikuwa kigumu, kijani, chenye kung'aa. Bibi alikigusa kwa ukucha. Hakikulainika. Akaenda zake. Siku chache baadaye kilikuwa kama ngumi ya mtoto, kisha kama ngumi ya mtu mzima, na mwenzake kandoni hivyo hivyo, na kile cha juu ya kichuguu. Kwenye mimea mingine, ile niliyoendelea kuichuma, vitumbo vilidondoka kama kawaida.

Bibi hakutoa hukumu. Jumamosi ikafika, baba mdogo akarudi, akaruka mzigo mlangoni, akala, akalala. Hakuna aliyethubutu kuuliza. Jumapili mama mdogo akaamka kabla ya sisi, akavaa gauni lake la safari, akakaa juu ya mzigo. Alisema kama haambiwi baki basi anaondoka, hatakaa katika nyumba ambayo mzigo wake umefungwa. Baba mdogo alisimama mbele yake na viatu mkononi, akisema, "Subiri, subiri basi," kama fundi ambaye mlango umemkatalia bawaba. Chini kabisa, kwenye kona, gari likapiga honi.

Bibi aliingia kutoka nyuma ya nyumba. Kanga yake ilikuwa imelowa umande mpaka magotini. Alimwona mkwe wake amevaa viatu na akakasirika kweli.

"Unakwenda wapi? Maua yamefunguka!"

Alimkamata mkono, akamwinua juu ya mzigo, akamvuta uani, akapita naye kwenye kichuguu bila kusimama mpaka kwenye mimea yake mwenyewe, ile ambayo asubuhi ile nilikuwa bado sijaichuma. Niliwafuata na kikapu. Akanipokonya kikapu, akakitupa kwenye migomba. Gari likapiga honi tena, karibu zaidi, likapunguza mwendo, kisha likapita.

Bibi alipiga magoti kwa taabu, dole gumba lake likiwa tayari juu ya kikonyo cha dume moja. "Nionyeshe," alimwambia mama mdogo. "Taratibu. Usiruke kitu." Kisha akakumbuka kwamba nipo, akainua uso wake mkali kuniangalia.

"Wewe, geuka huko. Haya si mambo ya watoto."